Pini Iliyogoma

"Piga."

Yonathani aliinua nyundo ya ratili kumi na nne, akaipitisha nyuma ya bega, akaishusha kwa nguvu zote. Chuma kililia. Mshindo ulishuka bondeni, ukagonga miamba ya upande wa pili, ukarudi ukiwa umepungua.

Sefania alikuwa amechuchumaa kwenye matope makavu, ameshikilia kwa koleo ndefu kipande cha ekseli ya lori alichokichonga mwenyewe ili kisukume pini. Alisogeza uso karibu. Alikuwa amechora mstari wa chaki mahali pini ilipoingia katika sikio la mnyororo, na mstari ule ulikuwa palepale ulipokuwa jana, na juzi. Haukuwa umesogea hata kwa unene wa ukucha.

"Tena."

"Fundi, mikono imekufa ganzi."

"Basi pumzika." Lakini yeye mwenyewe hakupumzika. Alichukua kopo la dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, akadondoshea matone kwenye ukingo wa pini, akaifuta, akadondoshea tena. Akainuka, akaangalia mawingu upande wa Mtae, akachuchumaa. Akainuka tena. Tangu asubuhi hakuwa amekaa kitako hata mara moja, na kila alipoinuka macho yake yalipanda mlimani, mahali ambapo paa moja la bati lilionekana nyuma ya migomba, kisha yakashuka haraka kama yaliyofumaniwa.

Tingatinga lilikuwa limelala upande upande kwenye mteremko, bapa lake kubwa limezamishwa ardhini ili lisiteleze, magogo manne yamekingwa nyuma. Jumatatu, Yonathani alipolizungusha ghafla kukwepa mwamba, mnyororo wa kushoto uliruka nje ya gurudumu lake, ukajikunja na kukaba, na tingatinga likateleza hadi likazuiwa na mwamba uleule. Ili kuurudisha ilibidi ukatwe, na mnyororo wa chuma haukatwi popote. Una pini moja tu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutolewa. Sefania aliijua pini hiyo. Miaka kumi na minane aliyofanya kazi kwenye karakana ya mashamba ya mkonge, kabla na baada ya mashamba kutaifishwa, alikuwa ametoa pini za namna hiyo nyingi kuliko anavyokumbuka. Hii ilikuwa imekaa miaka saba bila kuguswa. Kutu ilikuwa imeifanya pini na sikio lake kuwa kitu kimoja.

Na chini, Mazinde, malori mawili ya mahindi ya njano yalikuwa yameegeshwa tangu wiki iliyopita. Masika ya mwaka ule wa sabini na nne yalikuja siku tisa tu, lakini yalikuja kwa hasira. Yaliikata barabara ya zamani pale penye korongo, yakaondoka, na nyuma yao likaja jua ambalo halikubakiza kitu shambani. Sasa njia mpya ilikuwa inachongwa juu ya korongo, ipite na kushuka upande wa pili, ifike katika kijiji cha ujamaa kilichopimwa kule Kwemkole. Zilikuwa zimebaki hatua mia sita hivi.

Ndugu Mika, katibu kata, alifika saa nne akiwa kwa miguu, shati lake la kijani limelowa mgongoni. Alikuwa kijana wa Muheza, mwembamba, na njaa ilikuwa imemfanya mwembamba zaidi, maana hakuwa mtu wa kula kando.

"Habari za kazi, Fundi?"

"Nzuri kidogo, Ndugu Katibu. Mtungi wa gesi ya kuchomea chuma?"

Mika alitikisa kichwa. "Nimepata jibu kutoka Tanga. Ni wiki ijayo, wakijaliwa." Akaitazama pini kama mtu anayetazama mgonjwa asiyemjua. "Wiki ijayo mvua itakuwa imeanza. Malori hayapandi udongo huu ukilowa. Jana, shuleni, watoto watatu wameanguka mstarini wakati wa kuhesabu namba. Mwalimu amewarudisha wote nyumbani."

Yonathani aliokota nyundo tena ingawa hakuwa ameambiwa.

"Hakuna njia nyingine?" Mika akauliza.

Njia ilikuwepo. Sefania alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ikimwinua na kumchuchumaza.

"Ipo," akasema polepole. "Moto wa mkaa na mivukuto. Tukilipasha moto sikio la mnyororo likatanuka, pini itaachia."

"Mivukuto iko wapi?"

Sefania alijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Naenda kuiomba," akasema, akaanza kupanda.

Haikuwa hata safari ya robo saa, lakini aliiona ndefu. Chini ya bati lile aliishi Zipora, dada yake wa kuzaliwa, mkubwa kwake kwa miaka kumi, mjane wa Rubeni mfua chuma. Wiki mbili Sefania alikuwa amelala kwenye hema la kambi ya barabara, na alikuwa amekwenda kwake mara moja tu. Siku ile dada yake alimpa uji mwepesi, akamwonyesha kigingi chenye rangi nyekundu kilichopigiliwa kati ya jiko lake na mlango wa nyumba, akamwuliza ni cha nini. Sefania aliupuliza uji ingawa ulikuwa umepoa, akajibu, "Wanapima tu, dada." Tangu hapo hakurudi.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda kivulini, ungo mapajani, anachagua maharagwe ya mbegu. Yalikuwa machache, labda vibaba viwili. Alikuwa akiyatenga mazima na yaliyotobolewa, na Sefania alijua kwamba hata kwa njaa ile mazima yasingeingia chunguni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja mchana." Zipora hakuinua macho. "Basi una shida."

"Naomba mivukuto ya shemeji."

Vidole vilisimama. "Ya nini?"

"Mnyororo wa tingatinga. Pini imegoma. Bila moto haitoki."

"Ikitoka?"

"Tingatinga litaendelea na kazi."

"Litaendelea kuelekea wapi?"

Sefania alikitazama kigingi. Kuku mmoja, wa mwisho labda, alikuwa amesimama karibu nacho kwa mguu mmoja. Upande wa juu, nyuma ya migomba, lilikuwepo kaburi la Rubeni na msalaba wake wa chuma. Wapimaji walikuwa wamelikwepa kaburi kwa hatua mbili. Nyumba haikukwepeka.

"Huku, dada."

"Huku wapi?"

"Hapa tulipo."

Zipora alichagua maharagwe mengine matatu, manne. Moja alilitazama kwa muda kwenye mwanga, akaliweka upande wa mazima. "Ulisema wanapima tu."

"Nilisema."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Sefania alifikiri atamfokea. Alipokuwa mdogo dada huyu ndiye aliyemchapa kwa kuacha mbuzi waingie kwenye shamba la kanisa, na angefurahi kama angemchapa sasa. Lakini Zipora aliweka ungo chini, akashika magoti yake, akainuka, akaingia ndani. Mlango ukabaki wazi. Sefania alisimama uani asijue kama amefukuzwa. Alisikia vyombo vikisogezwa, kisha kikohozi. Akapiga hatua kuelekea njia, akarudi, akapiga nyingine.

Zipora alitoka na furushi la gunia. Akalifungua chini. Ndani mlikuwa na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, vijiti vyake, na mdomo wa udongo uliokuwa na ufa uliozibwa. Ngozi zilikuwa zimekauka na kujikunja.

"Ukizivuta hivi zitapasuka," akasema. "Zinataka mafuta."

Alikuwa na mafuta ya nyonyo katika chupa ndogo, nusu yake. Aliyamimina yote kiganjani, akaanza kuzisugua ngozi, taratibu, kutoka shingoni kwenda chini, kama mtu anayempaka mtoto. Sefania alitaka kusaidia. Zipora akausukuma mkono wake kando.

"Dada, kama hutaki..."

"Mwanahawa hapo chini jana amechemsha ngozi aliyokuwa akiikalia," Zipora akasema. "Wanawe wamekunywa maji yake." Akafunga furushi, akavuta mlango, akaufunga kwa kamba. "Mkaa uko nyuma ya jiko, beba. Na mivukuto nitavuta mwenyewe. Wewe hujui, wewe ni mtu wa gesi."

Walijenga jiko ubavuni mwa tingatinga. Sefania alikwangua grisi yote iliyokuwa karibu, akapanga mawe kuzunguka lile sikio, akayaziba kwa udongo, akaacha tundu la mdomo wa mivukuto. Watu waliokuwa wakichimba mtaro waliacha majembe yao, wakaja kusimama. Zipora alikalia jiwe, akafunga kanga kiunoni, akashika kijiti kila mkono.

Mara ya kwanza ngozi zilitoa sauti ya kukwaruza tu. Ya pili, pumzi ikatoka. Kisha mikono yake ikaanza kupokezana, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na pumzi ile ikawa haikatiki. Mkaa ulitoka kwenye weusi ukaingia kwenye wekundu. Hakuwa ameshika vijiti vile kwa miaka mitano, lakini mabega yake hayakuwa yamesahau.

"Geuza mkaa upande wa juu," alimwambia Sefania. "Kule kunapoa."

Sefania akageuza. Alikuwa ameloweka kitambaa kwenye ndoo, na kila mara alikibandika kwenye kichwa cha pini kikachemka na kutoa mvuke. "Linalotakiwa kupata moto ni sikio," alimweleza Yonathani, ingawa Yonathani alijua. "Sikio litanuke, pini ibaki baridi. Vikiwaka pamoja vitatanuka pamoja, tutakuwa tumefanya kazi bure."

Nusu saa ilipita. Chuma kilianza kuwa na rangi ya kunde, kisha ya damu ya mzee, kisha ya damu mbichi. Jasho lilikuwa likidondoka kwenye kidevu cha Zipora na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mika alisogea, akaomba ampokee.

"Asante, mwanangu. Utavunja mwendo."

"Sasa," Sefania akasema. Akavuta mkaa kando kwa mtaimbo, akabandika kile kitambaa mara ya mwisho, akaweka kipande chake cha ekseli. "Piga."

Nyundo ilishuka. Sauti ilikuwa tofauti. Haikulia tena, iliguna.

"Piga."

Mstari wa chaki ulikuwa umeungua, lakini hakuuhitaji. Alihisi kwenye koleo, kwenye viwiko, kwenye meno: kitu kilikuwa kimesogea. Ilikuwa kama unywele, labda mbili.

"Usisimame. Piga. Piga."

Yonathani alipiga. Kutu ilitoka kama unga mwekundu. Pini ilisogea kwa ukucha, kwa kidole, kwa vidole viwili. Ikakwama, watu wakashika pumzi. Ikaachia kwa mara moja, ikarukia upande wa pili, ikaangukia kwenye tope la ndoo iliyomwagika na kufuka moshi. Mnyororo ulifunguka na kulala chini kwa uzito wake wote, kiungo baada ya kiungo.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alivua kofia. Zipora aliachia vijiti, akabaki amekaa, mikono mapajani.

Mika alimletea maji kwenye kata, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama. Sikujua kama tuna mfua chuma humu."

"Marahaba. Mfua chuma alikuwa mume wangu. Mimi nilikuwa pumzi yake."

"Unaishi wapi, mama?"

Zipora alinyoosha kidole. Mika alifuata kidole kile mpaka kwenye bati, kisha macho yake yakashuka kwenye mstari wa vigingi, yakapanda tena. Kwenye karatasi zake nyumba ile ilikuwa namba ya kigingi, thelathini na moja. Aliinuka, akaenda. Walimwona akipanda, akizunguka nyumba, akishuka chini yake hadi ukingoni mwa korongo, akipima kwa hatua, akipanda tena. Aliporudi alikuwa anahema.

"Fundi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini ingawa kila mtu alisikia. "Nimeangalia. Tukishuka hatua ishirini chini ya nyumba ya mama, tukakata kona kali pale penye jabali, nyumba inabaki. Maelezo kwa wapimaji nitaandika mimi, lawama ni yangu. Niambie jambo moja tu. Mashine itaweza?"

Sefania alikwenda mbele ya tingatinga, akainama kwenye skrubu ya kukaza mnyororo, ingawa alikuwa ameiangalia mara ishirini. Ilikuwa imefika mwisho. Kila sikio la mnyororo ule lilikuwa limelika kidogo tu, lakini kidogo mara thelathini na tano kilikuwa kiganja kizima cha ulegevu, na hakuna tena pa kukaza. Akatazama mahali alipoonyeshwa. Mteremko ulikuwa kama paa. Chini ya jabali hapakuwa na kitu isipokuwa hewa, na mto.

"Mimi naweza kujaribu, Fundi," Yonathani akasema. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado alikuwa na ile furaha ya nyundo usoni. "Nitakwenda polepole."

Neno moja lilitosha: itaweza. Hakuna mtu pale ambaye angeweza kumbishia; yeye ndiye aliyekuwa fundi. Na huenda tingatinga lingepita. Mashine chakavu huwa zinapita, mara nyingine, kwa sababu zisizojulikana. Sefania alilisikia neno hilo mdomoni, lina ladha ya chuma. Akamtazama dada yake. Zipora alikuwa akipangusa majivu kwenye ngozi za mivukuto kwa pindo la kanga, akipinda kila moja, na hakumtazama.

"Kwa mnyororo mpya, ndiyo," akasema. "Kwa huu, likikata kona pale mnyororo utaruka tena. Jumatatu tingatinga lilizuiwa na mwamba. Pale hakuna mwamba."

"Kwa hiyo?"

"Haliwezi, Ndugu Katibu."

Mika alivuta pumzi, akaitoa. "Haya," akasema. Baadaye kidogo akamgeukia Zipora, akaanza kumweleza habari za kiwanja chake kule kijijini, kwamba kiko karibu na bomba, kwamba vijana watamjengea. Zipora alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Akasema amesikia. Kisha akalipandisha gunia lake begani, akashika njia ya kwake, na Sefania hakuwa na ujasiri wa kumpokea mzigo.

Kazi iliyobaki ilikuwa rahisi. Walivuta mnyororo kwa mitaimbo, wakauzungusha kwenye magurudumu, wakaunganisha. Sefania aliisugua pini kwa msasa hadi ikang'aa, akaipaka grisi kwa kidole, na safari hii iliingia kwa kugongwa mara sita tu. Yonathani alicheka kuiona ilivyolainika. Sefania hakula jioni ile. Alizunguka tingatinga, akagusa boliti alizokwisha kuzikaza, akazikaza tena.

Kulipoanza kupambazuka alikuwa njiani kupanda, na kitoa misumari mkononi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na ile harufu ya mvua ambayo bado iko mbali ilikuwa imefika. Aliona kwanza vitu uani: sufuria mbili, kitanda kilichosimamishwa, sanduku, kuku amefungwa mguu, chupa iliyokuwa ya mafuta. Zipora alikuwa ameegemeza ngazi ukutani. Kwa hiyo alikuwa amejua kwamba atakuja, au alikuwa amekusudia kupanda mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Anza na upande wa jikoni. Mbao za huku zimeoza, zitakutupa."

Alipanda. Bati lilikuwa na baridi na umande. Alipenyeza ulimi wa kitoa misumari chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akaunyanyua taratibu, akiweka kipande cha ubao chini yake ili bati lisibonyee wala tundu lisipanuke. Mabati haya yangehitaji kuzuia mvua mahali pengine. Msumari ulitoka umepinda. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa umeingia kwa mshazari, kama uliopigiliwa na mlevi.

"Shemeji alikuwa mtu wa mikono iliyonyooka," akasema kutoka juu. "Hii misumari vipi?"

"Aliezeka kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameungua wiki ile." Zipora alikuwa amekaa chini ya ngazi, jiwe bapa kati ya miguu, nyundo ndogo mkononi. "Nilimwambia asubiri upone. Akasema mvua haisubiri."

Sefania alimdondoshea misumari mitatu. Alisikia nyundo ndogo ikianza, tak, tak, tak, ikiinyoosha. Akaondoa bati la kwanza, akamteremshia. Mwanga ukaingia ndani ya nyumba, ukatua kwenye sakafu iliyofagiliwa.

"Jana," Zipora akasema, bado ameinama, "pale Katibu alipokuuliza."

Sefania alisimamisha mkono.

"Yule kijana wa tingatinga, ana mke?"

"Anaye. Wameoana Pasaka."

Zipora aliugeuza msumari juu ya jiwe, akautazama kwa jicho moja, akaupiga mara moja zaidi. Chini, ng'ambo ya kona, injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Migomba ilianza kutetemeka kidogo. Aliuweka msumari katikati ya midomo, kama wafanyavyo mafundi wa paa, akaunyoosha mkono wake juu, kiganja wazi, kuomba mwingine.